Chakula cha Wanyama Kiwe Wapi?

Kila mwaka, mpunga unapoanza kutoa masuke, watu wengi wa bonde la Rufiji huhama nyumba zao wakaenda kukaa shambani. Huko hujenga dungu. Kwa msomaji asiye wa huku, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye ngazi na sakafu ya miti, na humo mkulima hulala na jamaa zake mpaka mavuno. Mchana hufukuza ndege na ngedere. Usiku hupiga debe na kukemea nguruwe. Wapo wenzetu shuleni ambao viti vyao huwa vitupu majira hayo. Si wagonjwa wala si watoro. Wamekwenda kulinda chakula cha nyumbani.

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alikuwa amesoma kwamba huko Marekani wako watu wanaolima vishamba kwa ajili ya wanyama wa porini, wala si kwa ajili yao wenyewe. Hupanda nafaka na majani ya jamii ya kunde ili paa wa kwao na bata mzinga wa mwituni wapate kula wakati wa baridi. Zamani walilima kwa plau kila mwaka, udongo ukachoka; siku hizi wengi huacha plau, huchanganya mbegu za aina nyingi, na hupanda ndani ya mabaki ya mimea iliyotangulia ili ardhi isikae uchi. Basi akauliza, "Mwalimu, na sisi tukiwapandia nguruwe chakula chao huko porini, hawatatuachia mpunga wetu?" Darasa zima lilicheka, lakini swali lile halikustahili kuchekwa.

Jibu fupi ni kwamba twawapandia tayari. Shamba moja la mahindi lililo peke yake katikati ya pori, machoni pa nguruwe ni shamba alilopandiwa yeye. Wala kumwongezea la pili si dawa. Nguruwe mwitu jike huzaa watoto watatu au wanne kwa mara moja, na chakula kikiwa tele wengi wao hupona. Mwaka wa pili hao ndio watakaokuja kuhodisha shambani kwako. Kwa hiyo yatupasa tuuulize swali hili kwa namna nyingine: chakula cha wanyama kiwe cha aina gani, na kiwe wapi?

NGURUWE HUJA NA MGENI

Jambo hili si la mpunga peke yake. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika Wilaya ya Rufiji, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Kibiti ya leo. Wataalamu Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walikusanya habari za nchi nzima, wakazichapisha mwaka 2005. Waliona ya kuwa tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi 308. Karibu matukio mawili katika kila matano yalitokea kati ya Machi na Mei, majira ya mavuno, watu walipokuwa wakilala mashambani. Tena waliona kwamba wilaya zilizopatwa zaidi ni zile ambazo wanyama wa kawaida wa simba, kama pundamilia, kongoni na swala, walikuwa wachache, ila nguruwe mwitu walikuwa wengi.

Hebu fuateni hatua zake. Pori likiisha majani na miti yake ya matunda, swala na kongoni huondoka. Nguruwe hawaondoki, maana nguruwe hula karibu kila kitu: mizizi, wadudu, mihogo, mpunga, mahindi. Wao huhamia pembeni ya shamba. Simba humfuata nguruwe. Mkulima naye humngojea nguruwe yule yule, usiku, ndani ya kibanda cha miti na makuti. Hivyo watatu hao hukutana mahali pamoja.

Wazee wa zamani walijua vita hivi vya nguruwe. Walikuwa na nyavu za kuwindia, na walizungushia mashamba uzio. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyechunguza habari za Uzaramo, ameeleza jinsi serikali ya Kijerumani ilivyobana uwindaji, na jinsi wanaume walivyoondolewa vijijini kwenda kufanya kazi za mashamba makubwa. Uzio ukaanguka, nyavu zikalala, na wanawake wakabaki na nguruwe. Hayo ni miongoni mwa mambo yaliyotangulia Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, vilivyoanzia katika vilima vya Matumbi, kusini ya mto wetu. Pamba hukumbukwa sana katika mitihani, lakini nguruwe husahauliwa.

JINSI PORI LILIVYOCHOKA

Zamani watu wengi wa Rufiji walikaa bondeni kwenyewe. Mto ulifurika, ukaacha tope, na katika unyevu huo walipanda mlau baada ya maji kupungua. Mto ndio uliotia mbolea. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliwahamisha katika Operesheni Rufiji, wakajengewa vijiji nchi ya juu. Shule na zahanati zikasogea, na hilo ni jema. Lakini mashamba ya bondeni yakawa mbali, na msitu wa nchi ya juu ukaanza kufyekwa kwa mashamba mapya. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, malori yakapata njia ya mwaka mzima, na mninga, mkongo na mpingo vikapata njia ya kuondokea. Mkaa nao una soko Dar es Salaam usiku na mchana. Siku hizi ufuta nao hufyekewa pori jipya, kisha shamba huachwa likichoka.

Simlaumu mtu. Mwenye kuchoma mkaa ana watoto wa kulisha, na karo za shule nyingine zimetoka katika tanuri la mkaa. Nasema tu tuangalie kilichobaki.

GHALA LENYE MILANGO MINGI

Mwanafunzi wa Baiolojia aingie katika pori zuri na daftari, aandike ni mti gani unatoa chakula mwezi gani. Mng'ong'o huangusha matunda yake wakati wa mvua, na tembo huyafuata kutoka mbali. Mkwaju hukomaza yake wakati wa kiangazi. Matonga hukaa mtini na gamba lao gumu mpaka nyani ayapasue. Mitondoro na miyombo hutoa majani machanga Septemba na Oktoba, kabla hata ya mvua za vuli, wakati nyasi zote ni kavu. Na mkuyu wa kando ya kijito huzaa nyakati mbalimbali, huu leo na ule baadaye, hata ndege, popo na kima hawakosi kitu mwaka mzima.

Basi pori ni kama ghala lenye milango mingi ambayo haifunguki siku moja. Ukikata mkuyu mmoja pale kijitoni umefunga mlango uliokuwa wazi katika miezi ya njaa. Hakuna kishamba cha kunde kiwezacho kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo kwetu sisi, kulima chakula cha wanyama maana yake ni kulirudisha pori lenyewe.

MTI HAUKUFA

Hapa sina budi kueleza kosa letu. Miaka michache iliyopita mimi na wanafunzi wangu tulipanda miche kwenye eneo lililokwisha fyekwa jirani na shule. Tulichimba mashimo, tukamwagilia, tukapiga na picha. Kiangazi kilipokwisha miche iliyopona ilihesabika kwa vidole. Babu mmoja wa jirani, aliyekuwa akipita na baiskeli yake, alisimama akatutazama. Tulipokwisha kumwamkia alisema, "Mwanangu mwalimu, mwahangaika bure kununua watoto, na wenyewe mnao. Hii miti haikufa. Mmeikata kichwa tu."

Alituonyesha tuliyokuwa tukiyakanyaga. Kila kisiki kilikuwa na machipukizi kumi, kumi na tano, yaliyosongana kama ufagio, na sisi tulikuwa tumeyafyeka ili kupata nafasi ya mashimo yetu!

Elimu yake ni hii. Mti wa nchi ya ukame na moto hujenga mizizi kwanza. Mche wa mninga, kwa mfano, hufa juu kila kiangazi kwa miaka mingi, na chini mzizi unaendelea kunenepa. Kijiti kifupi ukionacho leo huenda kina umri kama wako. Kisiki kilichokatwa jana kina mzizi wa miaka hamsini, unaojua maji yako wapi. Mche wa kwenye kopo haujui.

Njia ya kutunza visiki hivyo ilitangazwa sana nchini Niger tangu miaka ya 1980 na Mwaustralia aitwaye Tony Rinaudo. Kwetu Tanzania, huko Dodoma, inajulikana kwa jina la Kisiki Hai, na shirika la LEAD Foundation limeifundisha vijijini. Kazi zake ni nne: kuchagua, kupogolea, kuweka alama na kulinda. Chagua katika kisiki machipukizi matatu mpaka matano yaliyo manene na yaliyonyooka, uyakate mengine. Pogolea matawi ya chini, mpaka nusu ya urefu wa chipukizi, usizidishe. Funga kitambaa ili mwenye panga ajue kwamba mti huu una mwenyewe. Kisha linda, na kila baada ya miezi michache urudi ukaondoe vipya. Vijiti uvikatavyo ni kuni, na mama nyumbani atakushukuru.

Faida nyingine haiandikwi sana. Kichaka kilichosongamana ndicho maficho ya nguruwe mchana. Pori lililopogolewa huwa wazi chini. Mtu huona mbali, jua hufika ardhini, nyasi huota, na nyasi ndizo zinazowaita swala na kongoni. Maana yake, panga lile lile lililoharibu pori ndilo litakalolirudisha. Mmarekani Aldo Leopold alifundisha neno la namna hiyo katika kitabu chake cha 1933 juu ya utunzaji wa wanyama wa porini, naye alitia hata moto katika hesabu hiyo.

Moto! Hapa watu hugombana. Huko Ndola, Zambia, wataalamu wa misitu walianza jaribio mwaka 1933. Sehemu moja waliichoma kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, ya pili waliichoma mapema nyasi zikiwa bado na ubichi, na ya tatu hawakuichoma kabisa. Ile ya kwanza miti yake ilikwisha, pakabaki nyasi. Ya pili ilibaki pori la miti na nyasi. Ya tatu ikawa msitu mzito. Kwa hiyo moto wa Septemba na Oktoba ni adui, maana nyasi ni kavu na miti ndiyo kwanza inatoa majani. Moto wa mapema, baada ya masika, hupita upesi na chini, na huacha visiki vyetu salama. Lakini hata huo hauchomwi na mtu mmoja kwa kibiriti chake. Hutakiwa ruhusa ya serikali ya kijiji na Bwana Misitu, watu wa kutosha, matawi mabichi ya kuzimia, na njia ya kuzuia moto iliyofyekwa kabla.

Mtaniuliza, na rutuba je? Wengi hudhani kwamba kila mti wa jamii ya kunde una vinundu mizizini vyenye bakteria watiao naitrojeni. Mninga na mpingo wanavyo. Lakini mtondoro na myombo, ijapokuwa ni wa jamii hiyo hiyo, kwa kawaida hawana. Wao hushirikiana na kuvu wa ardhini. Uyoga tunaouokota chini yao wakati wa mvua ni tunda la kuvu hao. Ukikwangua ardhi na kuichoma moto mkali, umeharibu na kitoweo.

KATIKA DELTA MAMBO NI MENGINE

Msomaji wa Salale au Mbwera asichukue panga akaanze kutafuta machipukizi ya mkoko, maana hatayapata. Mchu ukikatwa huchipua. Lakini mkoko ukikatwa sehemu ya zamani ya shina hauchipui, umekwisha. Mkoko huzaa kwa namna yake: mbegu huota ingali juu ya mti, ikaning'inia kama kijiti cha kijani, kisha huanguka na kusimama katika tope au kuchukuliwa na maji. Kwa hiyo mahali palipofyekwa mikoko kwa ajili ya mpunga, kisha shamba likaachwa kwa sababu ya magugu na chumvi, kazi ni kuacha miti mama iliyo jirani na kufungua njia za maji zilizozibwa, ili maji ya bamvua yalete mbegu. Panapokosekana miti mama ndipo watu huokota mbegu na kuzichomeka. Mikoko ya Rufiji, ambayo ni karibu hekta 53,000, ilitangazwa kuwa hifadhi tangu 1898, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Usikate wala usipande bila kuonana nao. Chakula kinachopikwa na majani ya mikoko huliwa na kaa na kamba, wakaliwa na samaki, na ndege wa pwani wakimbiao baridi ya Ulaya na Asia, na sisi wenyewe.

HESABU YA MPAKA

Sasa turudi kwenye swali: kiwe wapi? Chukueni kalamu. Ekari moja kwa desturi yetu ni hatua 70 kwa 70, kwa hiyo mzunguko wake ni hatua 280. Watu 16 wakilima ekari moja moja, kila mtu na pori lake, mipaka yote ya kulindwa ni hatua 4,480. Watu hao 16 wakiziunganisha ekari zao ziwe mraba mmoja, kila upande ni hatua 280, na mpaka wote ni hatua 1,120. Ni robo tu! Mpunga ni ule ule, lakini madungu ni machache, na walinzi hupeana zamu. Mtoto anaweza kulala nyumbani siku tatu katika nne.

Kuzunguka mraba huo paachwe ukanda mweupe uliofyekwa, nguruwe asipate kichaka cha kujificha. Pembeni yake yafaa ipandwe mimea isiyopendwa sana na wanyama, kama ufuta na pilipili, wala si mihogo. Kwa tembo, watu hutumia kamba zilizopakwa pilipili iliyosagwa na oili chafu. Baada ya hapo ndipo lianze pori la visiki hai, lililo wazi chini. Na vichaka vizito viachwe mbali, kandokando ya vijito, pamoja na mikuyu yao. Anayerudisha kichaka kizito nyuma ya dungu lake amejijengea jirani mbaya.

Je, vijiji vyaweza kupatana hivyo? Huko Shinyanga, mpango wa HASHI ulianza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa imefyekwa karibu yote. Wasukuma walifufua ngitili, yaani malisho yaliyofungwa kwa muda, desturi yao ya zamani, na kufikia miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefunika zaidi ya hekta 300,000, na ndege na wanyama wadogo wakarejea. Kwetu Rufiji, vijiji vya Ngarambe na Tapika vimeungana katika hifadhi ya wanyamapori ya jamii iitwayo MUNGATA, mpakani mwa nchi iliyoitwa Selous. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo hukiruhusu kijiji kutenga msitu wake chenyewe.

Sikusema kwamba madungu yatakwisha. Visiki tulivyovitunza baada ya kuonywa na yule babu bado ni vijana, na nguruwe wa kwetu hawajasoma makala haya. Lakini kazi yahitaji hesabu, na hesabu ndiyo kazi yenu ya likizo.

ZOEZI. Pima mraba wa hatua 20 kwa 20 katika pori lililokatwa karibu na kwenu, kwa ruhusa ya mwenye nalo. Hesabu visiki vilivyo hai na vilivyokufa, na machipukizi ya kila kimoja. Uliza wazee jina la kila mti kwa Kiswahili na kwa Kindengereko, na mwezi unaozaa. Andika nyayo na mavi ya wanyama uliyoyaona. Wale watakaokuwa madunguni wasipime kitu chochote porini. Wao waandike tu, kila usiku, nguruwe walikuja saa ngapi, wangapi, na walitokea upande gani. Madaftari yakusanywe siku ya kwanza ya muhula, na ya hao wa madunguni tutayasoma kwanza.